Kontena Lililoamini Vibao

Mgeni alifika Jumatano, saa tatu na robo asubuhi, Nesi Mwanaheri akiwa amepiga magoti anasafisha kidonda kwenye mguu wa Yuliana. Alipiga hodi mara tatu kwenye bati la mlango ingawa mlango ulikuwa wazi. Alivaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, begani amebeba mkanda wa kupimia, mkononi ameshika ramani iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikatoboka kwenye mikunjo.

"Karibu," Mwanaheri alisema bila kuinua kichwa. "Mabomba ya sindano yaliyotumika weka kwenye sanduku la njano. Kama ni kidonda, shika foleni."

"Sijaja kwa hayo, nesi. Naitwa Gervas Kamugisha, mpima ardhi. Nimetumwa na halmashauri."

"Shika foleni tu, kaka," Yuliana alimwambia. "Hata wapima wanapata vidonda."

Watu wanne waliokaa kwenye benchi walicheka kidogo. Gervas akakaa mwisho wa benchi, ramani magotini, akasubiri zamu yake.

Lilikuwa kontena la bluu la futi ishirini. Zamani lilileta vigae kutoka ng'ambo, na sasa lilikaa juu ya matofali manne kwenye kiwanja kitupu cha Mtaa wa Kisima Chumvi, Tandika. Watu wanaojidunga unga walikuja pale na mabomba ya sindano waliyokwishatumia, wakayatumbukiza kwenye sanduku la njano, wakapewa mapya, kumi kwa kumi. Walioamua kuacha, Mwanaheri aliwaandikia barua ya kwenda kuanza methadoni. Ambao walikuwa bado, aliwaambia waje tena wiki ijayo, na aliwaambia hivyo kwa sauti ileile.

Yuliana alikuwa bado, ingawa jina lake lilishaandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Alishona mashati katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe kwa miaka tisa, na alikuwa amejidunga kwa minne. Katika hiyo minne alipima virusi vya Ukimwi mara kumi na mbili, na mara zote majibu yalitoka safi. Vikaratasi vya majibu alivitunza kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na picha ya binti yake Anna, aliyekuwa akilelewa na bibi yake Masasi. Alikuwa amemwahidi Anna kwamba atarudi mzima. Alikuwa hajamwambia lini.

Siku ya kwanza alipofika kwenye kontena, Yuliana aliuliza jambo moja tu. "Nikija Jumatano nitakukuta?" Mabomba kumi hayakuwahi kumfikisha Jumatano, Jumanne jioni yalikuwa yamekwisha. Adhuhuri ikifika arosto ilikuwa imeshamkamata, ile homa ya kukosa, na mtu aliyekamatwa na arosto haangalii bomba ni la nani. Kwenye kibaraza alicholala palikuwa na Twaha, rafiki yake, ambaye hakuwa mchoyo wa bomba lake, na ambaye majibu yake hayakuwa safi.

"Kila Jumatano," Mwanaheri alimjibu, "kabla ya adhana ya adhuhuri, hutanikosa." Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka miwili, na hakuwa amekosekana hata mara moja.

Zamu ya Gervas ilipofika, alikunjua ramani juu ya meza ya dawa. Kulikuwa na kanuni mpya za matumizi ya ardhi, alieleza. Huduma ya namna hii haikutakiwa kuwa ndani ya mita mia mbili kutoka shule, chekechea, msikiti, kanisa au zahanati.

"Zahanati?" Mwanaheri aliuliza.

"Imeandikwa hivyo, nesi. Nyie mpo mita mia na themanini na saba kutoka geti la shule ya msingi. Zimepungua kumi na tatu."

"Na baa ile pale?" Yuliana alinyoosha kidole. Alikuwa ameshafungwa bendeji lakini hakuondoka. "Ile ambayo walimu wanaingilia mlango wa nyuma?"

"Mita arobaini na moja," Gervas alisema. Alikuwa ameipima pia. "Lakini baa ni biashara. Biashara ina jedwali lake."

"Na sie tupo jedwali gani?"

Gervas aliangalia ramani. Alikuwa mtu mpole na hakupenda kulitamka. "La nne, dada. Pamoja na machinjio na dampo."

"Mh," Yuliana alisema. "Angalau machinjio wana nyama."

Gervas alitoka nje, akafungua kopo la rangi nyekundu ili aandike alama ya X na tarehe, kama inavyoandikwa kwenye nyumba zinazotakiwa kuondoka. Alichovya brashi, akaipangusa ukingoni isidondoke, akainyoosha. Brashi haikugusa kitu. Kontena lilikuwa limeshaanza kwenda.

Halikwenda kwa kishindo. Lilisogea kama mtu anavyosogea kwenye benchi kumpisha mwenzake. Maji ndani ya beseni yalicheza kidogo yakatulia. Matofali manne yalifuata nyuma, moja lenye pengo likiwa la mwisho. Watu wa kwenye benchi walisimama, wakabeba benchi lao, wakalifuata, kila mmoja akishika nafasi yake. Mama aliyekuwa anakaanga chapati kivulini mwa kontena alilalamika kwamba angeambiwa mapema asingewasha jiko, kisha naye akabeba jiko.

Lilipotulia, Gervas alivuta mkanda kutoka geti la shule. "Mia mbili na sentimita ishirini," alisema. "Sasa ni halali." Akatoa fomu. Palikuwa na sehemu ya kujaza jina la aliyehamisha jengo. Aliandika *Lenyewe*, akapiga muhuri.

Watu wa Kisima Chumvi waliona ni jambo jema. Kontena lilikuwa na heshima. Wengi walikuwa na vibaraza vilivyomeza nusu ya barabara na hawakuwahi kuvisogeza hata inchi moja.

Aliyekuwa wa kwanza kuelewa tabia ya kontena ni Mzee Jamali, ambaye ukuta wake sasa ulikuwa karibu na lilipohamia. Miaka mingi nyuma, kabla kontena halijaletwa, mjukuu wake alikanyaga bomba la sindano kwenye mfereji wa mbele ya nyumba. Mtoto alipona, lakini ile miezi sita ya kungoja kipimo cha mwisho Mzee Jamali hakuimaliza moyoni. Sasa alichukua kipande cha mbao, akaandika kwa rangi nyeupe CHEKECHEA, akakipigilia kwenye geti lake. Ndani hapakuwa na mtoto hata mmoja isipokuwa mjukuu yule, ambaye sasa alikuwa kidato cha pili.

Kontena liliamini kibao. Saa nne asubuhi lilinyanyuka, likahesabu mita zake mia mbili, likahamia upande wa pili wa mtaro.

Huko lilikaa siku tisa. Jirani mmoja akaweka kibao cha madrasa, mwingine cha kanisa la maombi na uponyaji, mwingine cha zahanati ya macho. Kila asubuhi watu walitoka na mabomba yao wakiulizana, "Leo limeamkia wapi?" na aliyeliona aliwaelekeza wenzake. Likafika Mtoni. Kwenye Barabara ya Kilwa lilisimama kwenye kivuko cha pundamilia, likangoja, likavuka, na trafiki aliyekuwa zamu alisimamisha magari kama anavyofanya kwa wanafunzi. Lilikaa kidogo Mbagala, lakini Mbagala ina misikiti mingi na makanisa mengi, na vibao vingine vilikuwa tayari vimeandikwa kabla halijafika, kwa tahadhari.

Mwanaheri alilifuata. Alipoulizwa na bosi wake kwenye simu yuko wapi, alitaja jina la mtaa wa siku hiyo. Alikuwa amegundua kitu kimoja ambacho hakumwandikia mtu yeyote: kila mara kontena liliposimama, liligeuka taratibu mpaka mlango wake ukaelekea Tandika.

Alimpigia Gervas. "Kaka, vile vibao ni vya uongo. Nyumba ya Mzee Jamali haina hata meza ndogo ya mtoto."

"Najua, nesi. Nimeingia ndani. Nilipewa chai."

"Sasa kwa nini ipo kwenye ramani yako?"

"Kwenye fomu kuna sehemu ya kujaza kibao. Hakuna sehemu ya kujaza watoto."

Jumapili Mwanaheri alikwenda mwenyewe kwa Mzee Jamali. Alimkuta mferejini, ameinama, koleo ya jikoni mkononi. Alikuwa anaokota mabomba ya sindano na kuyatumbukiza kwenye kopo la rangi. Kopo lilikuwa limejaa nusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Angalia watu wako wanavyotufanyia."

"Zamani walikuwa wananiletea mie."

"Najua walikuwa wanakuletea wewe." Aliinua bomba moja kwa koleo, akaligeuza juani kama anayetafuta jina lake. "Miaka yote uliyokaa pale sikuokota hata moja. Sikuhesabu hilo. Nilihesabu lile moja la yule mtoto."

Mwanaheri alimsaidia kuokota yaliyobaki, kisha akamwomba atoe kibao. Mzee Jamali alimfungulia geti. Uani, kwenye mkeka, walikaa watoto kumi na wanne wenye sare za rangi ya zambarau. Mkwewe alikuwa amesimama mbele yao na ubao, ingawa ilikuwa Jumapili, kwa sababu wazazi wengine wanafanya kazi Jumapili.

"Waliona kibao wakaleta watoto," Mzee Jamali alieleza. "Wa kwanza nilimwambia mama yake hakuna chekechea hapa. Akaniambia, lakini mzee, kibao si hicho? Nikampokea mtoto. Sasa nikikitoa, hawa niwapeleke wapi?"

Watoto walimwamkia Mwanaheri kwa pamoja. Aliitikia. Hakumwomba tena.

Mwezi wa nane kontena lilifika mbele ya Mbande, mwisho wa eneo la halmashauri, kwenye kichaka kilichozungukwa na mashamba ya mihogo. Lilisimama mita moja kabla ya bikoni, lile jiwe la mpaka wa Mkoa wa Pwani. Halikuvuka, kwa sababu kibali chake kilikuwa cha upande huu. Gervas alikuja akapima pande zote nne. Hapakuwa na shule, msikiti, kanisa wala zahanati. Hapakuwa na nyumba. Kwa mara ya kwanza aliandika *halali kabisa*, akapiga muhuri, akasimama akiutazama muhuri wake.

Wiki ya kwanza walikuja watu watatu. Wiki ya pili alikuja Yuliana peke yake. Alitoka Tandika alfajiri, akashukia mwisho wa lami, na kutoka pale alitembea kwa kutegemea ufito. Alifika saa sita na dakika ishirini, jasho linamtiririka, meno yanagongana.

"Dada nesi," alisema akikaa kwenye benchi, "hili kontena lako lina hasira na mie?"

"Halina hasira na mtu. Linatii tu."

"Mie nilikuwaga na mume wa hivyo. Kila anayemwambia kitu anatii, isipokuwa mie."

Mwanaheri alifungua bendeji. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini na ngozi inang'aa. Alimwambia asiutembeze. Yuliana akauliza, basi Jumatano ijayo afanyeje. Duka la dawa la mtaani lilikuwa limeshamfukuza mara mbili. Muuzaji alitazama mikono yake kwanza, kisha akasema mabomba yamekwisha.

"Utanikosa lini mie?" Mwanaheri alisema. "Jumatano, kabla ya adhuhuri. Kaa kibarazani kwako."

Alisema hivyo akijua kanuni. Kifungu cha tisa cha kibali kilisema vifaa visitolewe nje ya eneo lililoidhinishwa, na eneo lililoidhinishwa lilikuwa ni ndani ya kontena lenyewe, kutoka ukuta hadi ukuta. Aliomba ruhusa ya maandishi Alhamisi. Ijumaa akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa na litajadiliwa kwenye kikao cha robo mwaka.

Jumatano ile Gervas alifika saa mbili na nusu kwa ukaguzi wa kila mwezi. Alimkuta Mwanaheri anafunga kiboksi: mabomba kumi, pamba, bendeji, dawa ya kusafishia, sanduku dogo la njano. Daftari la wateja lilikuwa wazi mezani, na ukurasa wa wiki ile ulikuwa mweupe.

"Unakwenda wapi na hivyo, nesi?"

"Tandika."

Gervas alivua kofia yake. Alikuwa ameipenda kazi yake tangu chuoni, kwa sababu alidhani kupima ni kuhakikisha hakuna anayeonewa. "Ukivuka kizingiti na hicho kiboksi, natakiwa kuandika. Nikiandika, kazi yako imekwisha. Na leseni wanaweza kuishika."

"Najua. Mie si nilisaini kifungu cha tisa mwenyewe?"

"Naweza kusema sikukuona."

Mwanaheri alimwangalia. Gervas alikuwa na miaka ishirini na saba na mama yake alikuwa bado anawaonyesha wageni picha ya mahafali yake. "Usidanganye, kaka. Vibao vya uongo vimetosha. Andika, na uandike na saa, ionekane nilitoka mapema."

Akamkabidhi funguo za kontena na za kabati la dawa. Gervas alizipokea kwa mikono miwili.

"Nitakaa hapa mpaka jioni," alisema. "Kama akija mtu, nitamwambia umeenda wapi. Likihama, nitalifuata."

Mwanaheri alivuka kizingiti na kiboksi chake. Kontena lilitulia. Mlango wake ulikuwa umeelekea Tandika kama kawaida, kwa hiyo hakuhitaji kuzunguka. Alinyoosha moja kwa moja katikati ya mihogo mpaka kwenye lami. Nyuma yake Gervas aliandika: *saa mbili na dakika hamsini*. Kalamu ilikataa kwenye sehemu ya jina, akailoweka ulimini, akaandika jina lote.

Gari la kwanza liliharibika Mbagala. La pili halikuja. Alitembea kutoka pale, kiboksi kifuani, akipita chini ya vibao ambavyo sasa vilikuwa vimeota kila geti: chekechea, kanisa, zahanati, madrasa, chekechea. Ndani ya baadhi ya mageti alisikia watoto wakiimba. Ndani ya mengine alisikia redio tu. Mbele ya nyumba ya Mzee Jamali kopo la rangi lilikuwa limejaa, na pembeni yake kulikuwa na la pili.

Yuliana alikuwa amekaa kibarazani, mguu umenyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shuka kajifunika mpaka shingoni juani. Alikuwa anatetemeka. Twaha alikaa kando yake, na bomba lake lilikuwa juu ya kitambaa katikati yao, tayari.

"Nimemwambia atumie," Twaha alisema kwa huzuni. "Tangu saa tatu namwambia. Ananijibu nesi anakuja. Nikamwambia nesi yuko porini huko, kontena limemwiba."

"Saa ngapi?" Yuliana aliuliza, meno yanagongana.

"Sita na dakika kumi na tano."

"Umechelewa."

"Adhana bado."

Yuliana alitoa mkono chini ya shuka. Alikuwa ameshika chupa ya maji yenye kifuniko, na ndani yake mabomba kumi yaliyotumika, yamepangwa sindano zikiangalia chini. Hakuna lililokuwa limetupwa mferejini. Mwanaheri aliyatumbukiza kwenye sanduku la njano moja moja, akihesabu kwa sauti kama alivyozoea, kisha akampa kumi mapya. Kwenye mfuko wa nailoni kando ya Yuliana, picha ya Anna ilionekana juu ya vikaratasi kumi na viwili.

"Na Twaha?" Yuliana aliuliza.

"Twaha nimempangia Jumatano ijayo."

"Jumatano ijayo utakuwa na nini, dada? Watakufukuza. Si wanafukuzaga?"

"Leo ni Jumatano," Mwanaheri alisema.

Alipiga magoti kwenye saruji akafungua bendeji ya zamani. Kidonda kilikuwa kibaya lakini pembeni kilikuwa kimeanza kuwa chekundu, rangi ya nyama inayotaka kupona. Alikisafisha kutoka katikati kwenda nje. Mbele ya kibaraza alipita mama mmoja amemshika mtoto mwenye sare ya zambarau. Mtoto alisimama kutazama, mama akamvuta, mtoto akageuza shingo.

Adhana ilipoanza, Mwanaheri alikuwa amebakiza fundo la mwisho. Alilifunga.